Manyoya ya ng'ombe kwa kipimo cha madini: namna ya kuyakusanya bila kuyaharibu

Ikifika Septemba, nyasi zimekwisha na malambo yamepungua, ng'ombe wengi wa Igunga, Nzega na Uyui, mkoani Tabora, huonyesha wazi kwamba kuna kitu wanakikosa. Aliyekuwa mweusi tii anashika rangi ya kutu. Ndama wamedumaa. Majike wanapandwa, kisha wanarudia joto. Wengine wanaokota mifupa porini na kuitafuna mchana kutwa. Dawa ambayo kila mtu anaijua ni chumvi: mwenye fedha ananunua jiwe la madini dukani, mwingine anaagiza chumvi ya Uvinza na kuiweka horini, mambo yamekwisha.

Chumvi ya kawaida humpa mnyama sodiamu na klorini. Ukitafuta humo shaba, zinki au fosforasi ya kumtosha ng'ombe, hutaipata. Jiwe la dukani nalo lina kila kitu kidogo kidogo, hata ambacho mifugo yako haina haja nacho. Ndiyo sababu wafugaji wanaulizia vipimo, na kipimo cha manyoya kinawavutia. Hakihitaji sindano wala barafu, na sampuli haiozi njiani kutoka Sikonge hadi Morogoro au Dar es Salaam.

Tatizo lake ni kwamba huharibikia mikononi mwa mkusanyaji. Maabara hupima kila kilichomo ndani ya bahasha, na vumbi la zizini nalo ni madini. Kwa hiyo humu nitakaa zaidi zizini kuliko maabara.

Kwanza, je, manyoya ndiyo ya kupimwa?

Unywele unapoota hulishwa na damu kwenye shina lake, na sehemu ya madini yaliyomo kwenye damu hunaswa ndani yake. Ukishachomoza nje ya ngozi haubadiliki tena kutoka ndani. Kwa hiyo manyoya yanasimulia wiki na miezi iliyopita, wakati damu inasimulia hali ya siku hizi. Ini nalo ndilo ghala la shaba: mnyama huchota humo kwanza, na damu haianzi kuonyesha upungufu mpaka ghala limekaribia kuwa tupu.

Kwa zinki na seleniamu manyoya hutoa dokezo zuri. Kwa shaba hutoa dokezo pale upungufu ulipodumu muda mrefu. Yakionyesha shaba ya kawaida, hilo halithibitishi kwamba ini lina akiba. Kwa sumu kama zebaki, arseniki na risasi manyoya ni shahidi mzuri zaidi, na mfugaji wa Nzega anayechunga karibu na marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, ya wachimbaji wadogo wa dhahabu ana sababu ya kuomba zebaki ipimwe, kitu ambacho mwenzake wa Kaliua huenda asikihitaji.

Kwa kalsiamu, fosforasi na magnesiamu, usipoteze fedha yako kwenye manyoya. Mwili huyalinda madini hayo kwa njia zake, na kilichomo kwenye unywele hakifuati sawasawa kilichomo mwilini. Ng'ombe anayetafuna mifupa mara nyingi anatafuta fosforasi, na jibu lake liko kwenye malisho, damu na mifupa yenyewe. Tena huyo ashughulikiwe haraka, kwa maana mifupa ya mizoga inaweza kubeba sumu ya bakteria inayompooza mnyama mpaka anakufa, na hapo hakuna kipimo cha madini kitakachomsaidia.

Kuna jambo jingine ambalo watu huliruka. Manyoya yaliyosimama na kufifia hayana maana moja. Misitu ya miombo ya Tabora ina mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, hukondesha ng'ombe na kumharibu manyoya kama upungufu wa shaba unavyofanya. Minyoo hufanya hivyo, kupe pia. Afisa mifugo apime damu kwa nagana na kinyesi kwa minyoo kwanza. Vipimo hivyo ni rahisi kuliko vya madini, na mara nyingi hadithi huishia hapo. Ukimwona mtu anauza kipimo cha manyoya kinachodai kugundua minyoo, mimba, mzio na homa kwa unywele mmoja, mwache aende zake.

Na mnyama aliyekufa ghafla, hasa anayetokwa na damu nyeusi isiyoganda puani au sehemu ya haja, asiguswe na mkasi wa mtu yeyote. Kimeta hukaa kwenye manyoya na ngozi na humwingia binadamu. Huyo ni wa kuripotiwa. Sampuli zake hazikuhusu.

Piga simu maabara kabla ya kunoa mkasi

Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, una kituo Tabora, na ndipo pa kuanzia hata kama kipimo chenyewe kitafanyika kwingine. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara Dar es Salaam. Popote utakapoelekezwa, uliza mambo haya na uyaandike: wanapima madini gani kwenye manyoya, wanataka gramu ngapi, wanataka manyoya ya sehemu ipi ya mwili, wanayaosha wenyewe au la, na wana viwango vya kulinganishia vya ng'ombe. Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Maabara inaweza kuwa na mashine nzuri kabisa, lakini kama haina viwango vya ng'ombe utapewa karatasi yenye namba tupu.

Maabara zinatofautiana katika kiasi. Nyingi zinaridhika na nusu gramu hadi gramu moja kwa mnyama. Gramu moja ya manyoya ni nyingi kuliko unavyodhani: takriban vijiko vya mezani vitatu hadi vinne vilivyojaa bila kushindiliwa. Kwa ng'ombe wetu wa asili, mwenye manyoya mafupi yaliyolala, hiyo ni kazi ya kukata eneo la viganja viwili au zaidi. Nzega utaona watu wanapendekeza mizani ya wanunuzi wa dhahabu kwa sababu inapima gramu vizuri. Ni kweli inapima, lakini imekaa na zebaki. Ukilazimika kuitumia, manyoya yabaki ndani ya bahasha yake iliyofungwa, nawe uwe umeipima bahasha tupu mapema.

Chagua wanyama, usiokote tu

Kosa la kawaida ni kukata manyoya ya ng'ombe mmoja aliyekonda kuliko wote na kungoja majibu ya zizi zima. Mmoja hasemei kundi. Chukua 7 hadi 10 wanaofanana: umri unaokaribiana, hali moja ya uzazi, malisho mamoja, maji ya lambo moja. Mtamba asichanganywe na jike anayenyonyesha. Ndama mwenye manyoya aliyozaliwa nayo asiingie kabisa, maana manyoya hayo yaliota tumboni na yanaeleza habari za mama yake.

Kama kuna ng'ombe wa jirani wanaochunga upande mwingine na wanaonekana wazima, omba uchukue kundi kama hilo kwake. Ulinganisho huo una thamani kuliko viwango vya kitabu vilivyotengenezwa kwa ng'ombe wa nchi za baridi. Mathalani mmoja anachungia luseni, ile ardhi ya kichanga, mwingine anashusha ng'ombe wake kwenye udongo mweusi wa mbuga ya Wembere. Nyasi zinazoota huko na huku hazina madini sawa, hata kama kwa macho zinafanana.

Halafu rangi. Manyoya meusi na meupe ya ng'ombe huyo huyo, yaliyokatwa siku hiyo hiyo, yanaweza kutoa namba tofauti, kwa sababu rangi yenyewe inakwenda na madini. Chagua rangi moja kwa kundi zima. Kwa mwenye mabaka, kata kwenye baka la rangi uliyochagua na usiguse nyingine. Kwa upande huu wafugaji wa hapa wana faida kubwa: mchungaji wa miaka kumi anamjua kila ng'ombe kwa rangi na mabaka yake hata akiwa katikati ya mia. Mtumie huyo, daftari la ofisini halitakufikisha mbali.

Kama fedha ni chache, maabara inaweza kukubali sampuli iliyochanganywa ya kundi. Hapo uzito kutoka kwa kila mnyama uwe sawa, la sivyo mwenye manyoya mengi atawameza wenzake. Mimi napendelea bahasha za mmoja mmoja hata kama zinapimwa chache, kwa sababu mchanganyiko huficha yule mmoja aliyechafuliwa na vumbi.

Muda wa kukata

Katika Tabora mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuisha Aprili au Mei mwanzoni. Ukitaka kujua kiangazi kimemfanyia nini mnyama, kata mwishoni mwa kiangazi kabla hajaonja majani mabichi. Ukikata Februari utapata habari za majani mabichi, na huenda ukaambiwa hakuna tatizo lolote.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukata manyoya yaliyopo. Ni ya haraka, ila hujui yaliota lini, na ncha zake zimekaa juani, kwenye jasho na vumbi, kwa miezi mingi. Ya pili ni kunyoa eneo, kuandika tarehe, kisha kurudi baada ya wiki 8 hadi 12 kukata manyoya mapya yaliyoota hapo hapo. Njia hii inataka subira na inataka mfugaji asiuze ng'ombe huyo katikati, lakini unajua hasa manyoya hayo ni ya kipindi gani, na uchafu wa zamani haumo. Nyoa mwishoni mwa Juni, vuna katikati ya Septemba. Kama una nafasi ya kuchagua, chagua hii. Nyoa eneo kubwa kuliko unavyoona linatosha, kwa kuwa kiangazi, kwa mnyama aliyepungua, manyoya huota kwa uvivu.

Angalia pia kalenda ya josho. Kata siku moja kabla ya kuogesha, usikate siku moja baada yake. Dawa za kuogeshea na za kumwagia mgongoni huacha mabaki, na josho lenyewe limejaa tope la ng'ombe wa kijiji kizima. Kama kuna bafu la miguu lenye mrututu, kumbuka mrututu ni shaba: tone moja lililorukia manyoya litakupa ng'ombe mwenye shaba tele wakati ini lake ni tupu. Dawa za bluu za vidonda, marashi yenye zinki, grisi, oili chafu ya gari ambayo wengine hupaka kuzuia kupe, vyote hivyo vinamwondoa mnyama kwenye orodha, au angalau vinaondoa sehemu hiyo ya mwili.

Vifaa, na vitu vya kuvua

Mkasi wa chuma cha pua usio na kutu hata kidogo. Wembe mpya unafaa kwa kunyoa mara ya kwanza, lakini kwa kuvuna mkasi ni salama zaidi, maana wembe hukwangua ngozi na kuleta damu na magamba. Chanuo la plastiki. Spiriti na kitambaa safi cheupe. Bahasha nyeupe mpya za karatasi, kubwa na ndogo. Kalamu na makapeni. Gundi ya karatasi au selotepu. Daftari.

Sasa vya kuvua na kuacha: pete, na hasa bangili za shaba. Mafuta ya kupaka mikononi, kwa sababu baadhi yana zinki. Glovu zenye unga ndani, kwa sababu hiyo hiyo. Ukikosa glovu zisizo na unga, nawa kwa sabuni, suuza kwa maji safi mengi, kausha, kisha usishike kitu kingine chochote. Usitumie gazeti, lina wino. Usitumie karatasi ya alumini. Usitumie mfuko wa mbolea ya tumbaku, hata uwe umefuliwa mara ngapi. Na usifunge bahasha kwa stepla: pini zake ni chuma kilichopakwa madini mengine, na moja ikidondokea ndani ya manyoya sampuli imekwenda.

Ongea na mwenye ng'ombe kwanza

Kuchukua manyoya ya ng'ombe wa mtu na kuondoka nayo kwenye bahasha yenye jina lake si jambo dogo katika vijiji vyetu. Hata asiposema, mzee anawaza vitu viwili: ushirikina, na kuhesabiwa mifugo kwa ajili ya tozo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, nimesikia mnataka manyoya. Mnakwenda kuyafanyia nini huko?"

Jibu la kweli linatosha. Mwambie yanakwenda kuyeyushwa kwenye asidi na kupimwa shaba na zinki, kwamba hakuna kitakachorudi isipokuwa karatasi, na karatasi hiyo nakala yake ni yake. Kisha ukate mbele yake, umwache aifunge bahasha kwa mkono wake, na manyoya yaliyobaki umrudishie. Usihesabu ng'ombe kwa sauti wala kwa kidole. Hereni za masikioni zenye namba utazisoma za wale waliochaguliwa tu. Ukifanya hivi utakaribishwa tena Septemba, na bila kurudi Septemba ile njia ya kunyoa na kuvuna haina maana.

Kukata kwenyewe

Mwingize mnyama kwenye kibanio. Pasipo kibanio, kamba kwenye pembe na mtu anayemjua, mti imara, na wewe usimame begani, sio nyuma. Asubuhi na mapema ni bora: ng'ombe wametulia, hawana jasho, na vumbi la malishoni bado. Kama mvua imewanyeshea, ngoja wakauke kabisa.

Sehemu ninayoipendekeza ni bega, chini kidogo ya nundu, upande ambao mnyama hajilambi sana. Kwa maksai epuka shingo na nundu yenyewe, kwa sababu nira, minyororo na grisi ya plau vimepita hapo msimu mzima. Tumbo na mapaja yana kinyesi. Singa za mkia zinashawishi, maana ni ndefu na gramu moja inapatikana kwa mkato mmoja, lakini zimelowa mkojo na kinyesi tangu zilipoota. Zichukue tu kama maabara imezitaka, na hapo kata karibu kabisa na ngozi, tunza sentimita 3 hadi 4 za upande wa shina, zilizobaki tupa. Weka alama upande wa shina kwa kuufunga na uzi mweupe wa pamba.

Pitisha chanuo mara kadhaa kuondoa vumbi, magamba na kupe. Usioshe kwa sabuni wala maji. Watu wengi wanaona aibu kupeleka manyoya yasiyooshwa, wanayapiga povu la sabuni ya unga mpaka yang'ae, na hapo wameongeza vitu na kuondoa vingine bila kipimo. Maabara ina utaratibu wake wa kuosha, kwa kawaida kwa asetoni na maji yaliyotakaswa, na sampuli zote zinaoshwa sawa. Pakiwa na tope lililogandamana, hamia bega la pili au mnyama mwingine.

Futa mkasi kwa spiriti, uache ukauke wenyewe. Mkato wa kwanza tupa. Kisha shika kifungu kidogo kati ya vidole viwili na ukate karibu na ngozi kadiri unavyoweza bila kuichuna. Bahasha iwe imefunguliwa chini ya mkono wako, manyoya yadondokee humo moja kwa moja. Yakianguka chini yamekwenda, usiyaokote. Endelea mpaka kiasi kitoshe, kunja mdomo wa bahasha mara mbili, gundisha kwa nje. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya mnyama anayefuata, kila mara, hata kama mvua inatishia na watu wanakuharakisha.

Ukimaliza kundi, fanya kitu kimoja ambacho wengi hawakifanyi: chukua kijiko kimoja cha udongo wa pale zizini, ukiweke kwenye bahasha yake na kuiandika. Udongo mwekundu wa Tabora una chuma kingi, na bahasha hiyo itakuja kukuokoa wakati wa kusoma majibu.

Kama kuna ng'ombe wa kundi hilo hilo anayekwenda machinjioni wiki hiyo, mkate manyoya kabla, kisha omba kipande cha ini chenye ukubwa wa vidole viwili. Ini linataka barafu, manyoya hayataki. Ini moja lililofungamana na bahasha yake ya manyoya litakueleza juu ya shaba kuliko bahasha nyingi zilizo peke yake.

Maandishi

Nje ya bahasha: namba ya hereni, tarehe, kijiji, sehemu ya mwili. Basi. Mengine yaingie kwenye daftari na fomu: jinsia, umri, rangi ya manyoya yaliyokatwa, mimba au kunyonyesha, malisho ya miezi mitatu iliyopita pamoja na ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa kiangazi, kama wameingizwa, chanzo cha maji, chumvi au jiwe gani na tangu lini, tarehe ya josho la mwisho na dawa yake, sindano na dawa za minyoo, dalili ulizoziona. Kama ulinyoa, andika tarehe zote mbili, ya kunyoa na ya kuvuna. Andika kwa makapeni, na andika kabla ya kujaza, kwa kuwa bahasha iliyovimba haiandikiki.

Kutuma

Weka bahasha ndogo ndani ya kubwa, na kubwa ndani ya boksi kavu. Plastiki iwe ya nje kabisa, na tu kama manyoya yamekauka. Yakifungiwa na unyevu yataota ukungu. Boksi lisikae kwenye bani la kukaushia tumbaku wala karibu na viuatilifu likisubiri safari. EMS ya Posta au kifurushi cha basi vinatosha, na kuchelewa siku chache hakuharibu kitu.

Nje ya nchi ni habari nyingine. Manyoya ni mazao ya mnyama, na nchi yetu ina ugonjwa wa miguu na midomo, kwa hiyo nchi zinazopokea huweka masharti. Utahitaji kibali cha mamlaka ya mifugo hapa na kibali cha kuingiza kule. Pitia kwa daktari wa mifugo wa wilaya kabla ya kulipia chochote. Usifiche manyoya kwenye barua.

Majibu yakija

Namba zitakuwa katika miligramu kwa kilo. Usikimbilie shaba. Anza na chuma na alumini. Bahasha ambayo chuma na alumini vimepaa juu kuliko wenzake, na udongo wa zizini nao uko hivyo, ni bahasha ya vumbi. Iweke kando, hata namba zake nyingine zikiwa zinapendeza. Kisha tazama kundi zima: zinki ya manyoya kwa kawaida huzidi shaba mara nyingi, kwa hiyo usishtuke kuona moja ina tarakimu tatu na nyingine haizifikii. Halafu linganisha na kundi la jirani.

Shaba ikiwa chini kwa wengi, usikimbie dukani bado. Molibdenamu, salfa na chuma kingi kwenye maji au malisho vinaweza kuizuia shaba isitumike hata kama mnyama anaila. Hapo kinachofuata ni kupima nyasi na maji, pamoja na damu au ini, na daktari wa mifugo ndiye wa kuamua kipimo cha dawa. Seleniamu na shaba zote mbili ni sumu zikizidi. Kondoo hasa hawaivumilii shaba: jiwe la madini la ng'ombe lenye shaba nyingi likiwekwa kwenye zizi wanalochangia, utawazika kondoo.

Zinki au seleniamu ikiwa chini na damu ikakubaliana, mnaweza kuanza kuongeza. Siku hiyo hiyo ya kuanza, nyoa tena eneo lile lile la bega kwa wanyama wale wale, na wengine wawili watatu usiwape ili uwe na wa kulinganisha nao. Kukata mapema ni bure, maana manyoya yaliyokwisha kuota hayajazwi upya na dawa ya leo. Rudi baada ya wiki 8 hadi 12, mkasi ule ule, maabara ile ile, na kwenye bahasha mpya andika pia namba ya kipimo cha kwanza.